Shangazi Aliyepaa Bila Ruhusa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Kapteni wetu, mkufunzi wa urubani ambaye uwanja mzima unamwita Shangazi, anavua ovaroli ya kurukia na kustaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Miaka yote hiyo ameitumikia katika kikosi hiki kimoja cha mafunzo, na miaka ishirini na miwili ya mwisho ameitumikia akiwa na cheo kilekile. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la kikosi na programu ya sherehe. Mimi ni fundi mkuu wa hanga la kwanza. Nimefungua na kufunga injini za ndege alizorusha tangu sote wawili hatujaota mvi.

Kabla sijaenda mbali, niseme jambo moja. Ofisi ya utawala ilinipa mfano wa kufuata: "mtumishi mtiifu, mnyenyekevu, asiye na doa." Maneno hayo tumemsomea kila mstaafu, hata yule mpishi aliyefukuzwa mara mbili akarudishwa kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuwasha jiko. Kwa Shangazi hayakai. Siku iliyohitaji asiwe mtiifu, hakuwa mtiifu. Doa analo, limo kwenye jalada lake hadi leo, na kama kikosi hiki kina kitu cha kujivunia tangu kianzishwe, basi ni doa hilo.

Kikosi chenyewe kina historia ya kuchekesha, na ingefaa wageni waijue. Kilianza na ndege nne kuukuu za pangaboi moja na banda lililokuwa ghala la mbolea. Wazee waliotutangulia walisema wanafunzi wa kwanza walikuwa wakirudi nyumbani wakinuka hivi kwamba wake zao waliwavulia nguo mlangoni. Uwanja ulikuwa wa majani. Lami ililetwa baadaye, ikamwagwa sambamba na ule wa majani, nao ule wa zamani ukaachwa kwa dharura na kwa ng'ombe wa majirani. Kisha vipuri vikaisha, kikosi kikafungwa, ndege zikafunikwa maturubai na ndege wenye manyoya wakajenga viota ndani ya injini. Kilipofunguliwa tena, darasa la kwanza lilikuwa na msichana mmoja. Ndiye huyu.

Hakuna aliyekuwa amemtayarishia chochote. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa cha wanaume, kwa hiyo alibadilishia kwenye stoo ya miavuli, mlango akiuzuia kwa mguu. Mwalimu mmoja alitamba mbele ya darasa kwamba wanawake hawawezi urubani kwa sababu miguu yao haifiki kwenye kanyagio. Ni kweli yake haikufika. Mama yake, mshonaji wa mtaani, akachukua gauni lake la zamani lenye maua makubwa mekundu, akamshonea mto wa kuweka mgongoni. Kwa miaka mingi ndege ya jeshi ilipaa hapa ikiwa na maua mekundu kitini, na mwenye maua alimaliza darasa akiwa wa kwanza. Kombe alipewa wa pili. Waliona mgeni rasmi atapendeza zaidi pichani akiwa na kijana mrefu. Aliyepewa lile kombe sasa anauza mbegu za mahindi, na ukimkuta dukani kwake atakwambia mwenyewe kwamba halikuwa lake.

Alipokuwa mkufunzi akawa wa kukaa kiti cha nyuma, mwanafunzi kiti cha mbele, na maneno hayakatiki. Jina la Shangazi alilipata hivi. Mwanafunzi mmoja, akiwa amechoka kusahihishwa, alidhani anajinong'onea, kumbe kidole chake kimebonyeza kitufe cha redio. Mnara ukasikia, gari la zimamoto likasikia, mimi niliyekuwa juu ya ngazi nikasikia: "Huyu mama ni kama shangazi yangu, hachoki kusema." Kisha ikaja sauti yake, imetulia kama mtu anayeagiza chai: "Shangazi amekusikia. Sasa shusha pua, kasi inakwisha." Wanaojua ukoo wanajua kwamba shangazi ni baba wa kike, anaweza kukutandika na bado ukamkimbilia. Jina likamkaa kuliko ovaroli.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana ndiyo sababu ya mimi kukubali kushika kalamu.

Alikuwa amevishwa ukapteni miezi michache tu. Kati ya wanafunzi wake alikuwamo kijana tuliyempa jina la Kimya, mtoto wa mkubwa mmoja wa makao makuu. Kimya hakuwa mjinga wala mvivu. Angani alikuwa sawa kabisa, anageuka vizuri, anapanda vizuri. Tatizo lilianza wakati wa kushuka. Ardhi ikianza kukua mbele yake, mikono iliganda kwenye usukani, na Shangazi ndiye aliyeitua ndege kutoka kiti cha nyuma, kila mara. Alimfundisha kwa ukali, akamfundisha kwa upole, akampandisha hadi mnarani ili azoee kutazama chini. Mikono iliganda vilevile.

Jioni moja nilikuwa nakagua oili, wao wawili wameketi chini ya bawa wakingoja mvua ipite. Kijana ndiye aliyekuwa amesema mvua itakuja, wakati mbingu bado nyeupe. Shangazi akamuuliza amejuaje. Akaeleza habari za mawingu, marefu na mapana, kwa namna ambayo hatukuwahi kumsikia akiongea. Mwisho akasema, "Afande, mimi napenda mawingu. Ndege ndiyo siipendi. Lakini nyumbani sina wa kumwambia."

Shangazi akamwambia atamsaidia kulisema. Akaandika kwenye taarifa yake kwamba kijana hayuko tayari kuruka peke yake na kwamba anafaa zaidi kupelekwa kusomea hali ya hewa. Ilikuwa taarifa ya huruma. Ingesikilizwa, leo nisingekuwa na la kuandika.

Haikusikilizwa, kwa kuwa sherehe ya kuhitimu ilikuwa inakaribia na mgeni rasmi ni baba wa kijana. Mkuu wa kikosi wa wakati ule alimwita Shangazi ofisini. Dirisha la ofisi ile linatazama hanga, na hasira haina pazia, tulisikia yote. Alimtaka abadilishe taarifa. Akamkumbusha mazuri yaliyo mbele yake akikubali, na mabaya akikataa. Shangazi akajibu, "Afande, akiwa tayari nitakuwa wa kwanza kusema. Leo hayuko tayari. Mtoto wa mtu si pambo la sherehe." Akapiga saluti, akatoka, akapita mbele yetu bila kutazama kushoto wala kulia.

Basi mkuu akamtafuta mkufunzi mwingine, kijana aliyekuwa akisubiri kupandishwa cheo, naye huyo akaruka na Kimya mara moja, siku isiyo na upepo. Akatia sahihi kwamba yuko tayari kuruka peke yake. Shangazi siku hiyohiyo akapangiwa kufundisha darasani, aondoke njiani.

Asubuhi Kimya aliyopaa peke yake, mimi ndiye niliyemtilia mafuta, nusu tangi, kama ilivyo kawaida kwa mzunguko mmoja tu wa uwanja. Alipanda ndegeni uso umemwiva kama mgonjwa wa homa. Aliruka vizuri. Akazunguka. Akaja kutua, na ile ndege ilipokaribia lami tukaona pua inainuka ghafla, injini inanguruma, amepanda tena. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu aliyumba hadi ncha ya bawa ikakaribia kufyeka majani, na mwanamke wa mnarani, mwongozaji wa zamu, akashika kichwa. Alikuwa akimsemesha kwa sauti nzuri muda wote. Kijana akaacha kujibu.

Hapo mkuu wa kikosi akafika mnarani, akapokonya kipaza sauti, akasema maneno ambayo sote tuliyasikia kwenye redio ya hanga: "Tua. Hiyo ni amri." Nawaomba msomaji na wageni waalikwa watulie hapo kidogo. Kijana ameganda kwa hofu, mafuta yanakwisha, na mtu aliyemtupa kule juu kwa ajili ya picha ya pamoja anaiamuru hofu imtii. Kisha akatoa amri ya pili: uwanja umefungwa, ndege yoyote isipae. Nitende haki: sheria hiyo ina maana yake, kwamba hatari moja isizae mbili. Lakini huwezi kuwasha moto kisha ukawakamata wanaokuja na maji.

Shangazi alitoka darasani mbio, chaki bado vidoleni. Alisimama mlangoni pa hanga, akatazama juu mzunguko mmoja mzima. Halafu akanigeukia. Ndege niliyokuwa nimemaliza kuifanyia matengenezo ilikuwa nje, tayari.

"Hii ina mafuta?"

"Imejaa."

"Nisaidie mikanda. Na uniombee radhi kwa mkeo, maana nakuponza."

Nilimfunga mikanda, nikavuta kabari za magurudumu. Hakwenda kwenye lami. Aligeuza ndege ikaingia kwenye ule uwanja wa zamani wa majani, ambao hakuna ndege iliyoutumia kwa miaka mingi, ikarukaruka juu ya vichuguu, na kabla gari la mkuu halijafika kumzuia alikuwa ameshaiacha ardhi.

Alimfuata Kimya nyuma, akaja akajipanga pembeni yake, mbali kidogo asimtishe, kama mtu mzima anayekwenda sambamba na mtoto anayejifunza baiskeli. Yaliyosemwa redioni nayakumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

"Tazama kulia kwako. Unaniona?"

Kisha, kwa sauti ndogo sana: "Nakuona, afande."

"Sasa hivi mimi si afande. Ni shangazi yako. Utanitazama mimi tu. Nikishuka, shuka. Nikiinua pua, inua. Tumeelewana?"

"Ardhi inakuja, Shangazi."

"Ardhi niachie mimi."

Wakaja pamoja. Yeye akilenga majani, kijana upande wa lami, mabawa yao yakiteremka sawasawa. Shangazi aliendelea kusema, polepole, punguza gesi, vizuri, punguza tena, nitazame, inua pua kidogo, subiri. Kimya hakuiona ardhi hata magurudumu yalipoigusa. Ndege ilidunda, ikadunda tena, mguu wa gurudumu la mbele ukavunjika, pangaboi likapinda kama jani la mgomba, ikateleza na kusimama kwa kilio cha chuma. Kijana akatoka mwenyewe. Akatapika, akaketi kwenye lami, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Jeraha lake lilikuwa moja tu, ameng'ata ulimi.

Shangazi naye alikuwa ameinua ndege yake akazunguka tena, akatua peke yake kwenye majani. Alipofika kwenye lami alimkuta mkuu wa kikosi amemkumbatia Kimya, na mpiga picha wa jeshi anapiga picha.

Yaliyofuata ni funika kombe mwanaharamu apite. Iliundwa bodi ya uchunguzi. Wasomaji mtadhani ilichunguza nani alimpaisha mtoto asiyeweza kutua. La. Ilichunguza nani aliyechukua ndege bila ruhusa. Shangazi alishtakiwa kwa kukaidi amri, kwa kutumia uwanja uliofungwa, na kwa jambo la tatu ambalo hadi leo sijalimeza: kumchanganya mwanafunzi aliyekuwa akipokea maelekezo kutoka mnarani. Maelekezo gani? Lile la "hiyo ni amri"? Mwanamke wa mnarani aliomba kutoa ushahidi, wakamwambia ushahidi umetosha. Kimya aliomba kusema, wakamwambia afya yake haijatengemaa. Afya hiyohiyo waliyoiona nzuri wakati wa kumpaisha.

Mimi niliitwa. Nilisema nilimpa ndege kwa hiari yangu na kesho akiitaka nitampa nyingine. Shangazi akanikatiza, akasimama, akaiambia bodi kwamba aliniamuru kwa cheo chake na sikuwa na njia ya kukataa. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema. Hakuniamuru, aliniomba. Kwa uongo huo nilipelekwa stoo ya matairi kwa mwaka mmoja badala ya kufukuzwa kazi, na watoto wangu wakaendelea kula.

Yeye alipigwa marufuku kuruka. Mkuu wa kikosi alipandishwa cheo. Baba yake Kimya aliambiwa kwanza kwamba mkuu ndiye aliyemwokoa mwanawe, akaja akamshika mkono mbele yetu. Baadaye mwanawe alimweleza ukweli, neno kwa neno, hilo nalijua kwa kinywa cha kijana mwenyewe. Baba akajua. Akanyamaza. Kusema ukweli kungemlazimu aseme pia ni nani aliyepiga simu kutaka mtoto arushwe. Sote tuna watoto, na kwa hilo namsamehe nusu. Nusu ya pili imenikwama.

Marufuku ile ilidumu miaka sita. Nyumba yake iko nyuma ya uzio wa uwanja, na mume wake, mwalimu wa shule ya msingi, ni shemeji yetu sote. Ndiye anayetukarabatia redio na kutusahihishia barua za mikopo. Nilikwenda kumjulia hali mwanzoni mwa adhabu. Shangazi alikuwa uani anaanika nguo. Ndege ya mafunzo ikapita juu ya paa, akasimama na shuka la maji mikononi, akaisikiliza mpaka ikatua, maji yakimchuruzika miguuni. Nikamnong'oneza shemeji kwamba dada yetu anaonekana mgonjwa. Akatikisa kichwa. "Haumwi, shemeji. Amefungiwa nje ya nyumba yake."

Mtu mwingine angeoza. Yeye alichukua darasa walilomtupa, akaligeuza ndege. Alipanga viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, akachomeka mpini wa fagio kuwa usukani, akachora vyombo vyote ubaoni. Mwanafunzi alifungwa kitambaa machoni, aguse kila swichi kwa jina. Akikosea, kiti kilitikiswa kutoka nyuma. Wakufunzi wa angani walimcheka, wakaita darasa lake mchezo wa kitoto, mpaka walipoanza kuona kwamba wanafunzi wanaotoka kwenye fagio wanatua mapema kuliko wao walivyozoea. Hapo kicheko kikaisha na darasa likapewa jina la kitaalamu. Jina la mwenye fagio halikutajwa.

Wakufunzi wengi walipohamia mashirika ya abiria, mkuu mpya akalazimika kumrudisha angani. Ninasema kulazimika, si kupenda. Siku aliyorudi nilikuwa nimeisafisha ndege kama bibi harusi. Akapanda, akapitisha kidole chini ya kiti, akaniuliza hili vumbi namwachia nani. Nikalipangusa vumbi hilo huku nacheka.

Tangu hapo hakusimama tena. Nusu ya marubani wa jeshi hili wamepita mikononi mwake. Wamekuwa meja, wamekuwa kanali, mmoja ni brigedia. Yeye ni kapteni. Brigedia huyo alikuja kukagua kikosi, Shangazi akampigia saluti kwa mujibu wa kanuni, na yule bwana mkubwa akatahayari mbele ya gwaride, akamwomba asifanye hivyo. Akamjibu kwamba saluti ni ya cheo, lakini masikio bado ni yake, na akiendelea kuinama hivyo atayavuta. Gwaride lilicheka. Mimi sikucheka. Kila mtu pale aliona jambo la kupendeza, mwalimu na mwanafunzi wake. Mimi niliona mtu amesimama jua kali akimpigia saluti kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kutofautisha mkia na pua, na hakuna hata mmoja wa waliocheka aliyerudi ofisini akauliza kwa nini.

Kikosi kilipotimiza miaka arobaini kilichapisha kitabu cha historia, jalada linalong'aa, karatasi nzuri. Nilikifungua kwa hamu. Siku ile imepewa sentensi moja: mwanafunzi alitua kwa dharura chini ya uongozi thabiti wa mkuu wa kikosi. Kurasa chache mbele kuna picha ya ukurasa mzima ya ng'ombe aliyeingia kwenye lami na kuchelewesha mazoezi. Ng'ombe ana picha. Shangazi hana hata nukta. Nilikwenda kwa waliokiandaa. Wakaniambia kitabu ni cha kujenga, si cha kubomoa. Nikawauliza nyumba iliyojengwa kwa uongo inalala nani. Wakanionyesha mlango.

Mkuu wa sasa wa kikosi ni mwanamke aliyejifunza kwenye ule mpini wa fagio. Mwaka huu aliandika kuomba Shangazi apandishwe cheo walau kabla ya kuondoka. Jibu lilirudi upesi kuliko majibu yote tuliyowahi kupata: ana kumbukumbu ya utovu wa nidhamu, hastahili. Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango. Kisha akasema, "Cheo wamenizuia. Kalamu hawajakuzuia. Andika yaliyotokea, na mimi nitaweka sahihi yangu chini yako." Ameagiza pia kwamba kila darasa jipya, kabla ya kugusa ndege, lipelekwe kwenye uwanja wa majani na lisimuliwe na waliokuwapo.

Na Kimya? Aliacha urubani wiki ileile, akaenda kusomea mawingu yake. Leo ni mkuu wa utabiri wa hali ya hewa katika uwanja mkubwa wa abiria. Kila asubuhi, kabla ya ndege hata moja ya kikosi hiki kupaa, tunasubiri neno lake. Akisema msiruke, haturuki. Kijana tuliyetaka kumtoa kafara kwa ajili ya sherehe anawalinda watoto wetu pamoja na maelfu ya wasafiri wasiomjua. Binti yake wa kwanza amempa jina la Shangazi, lile la nyumbani, ambalo hapa hatulitumii. Atakuja kwenye sherehe na familia yake yote.

Makao makuu yametujulisha kwamba mgeni rasmi atakuwa yule mkuu wa kikosi wa wakati ule, ambaye sasa ni jenerali mstaafu. Nilipopata habari nilitaka kurudisha kalamu. Mkuu wetu alimwendea Shangazi, akamwambia yuko tayari kupigana hadi uamuzi ubadilishwe. Shangazi alikuwa anakuna nazi. Akasema hapana, aje, akae mbele, asomewe. Basi, Mheshimiwa, ukisikia haya yanasomwa, ujue Shangazi mwenyewe ndiye aliyetaka uwepo. Karibu kiti.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea nyumbani. Aliisoma amesimama, shemeji akichungulia begani kwake na kutafuta makosa ya tahajia. Alipomaliza alinikemea. Akasema watu wanakuja kula na kucheza, si kusikiliza kesi, na akaniamuru nipunguze hasira. Nilitii, nimeondoa kurasa mbili. Hii ndiyo iliyobaki.

Kwa niaba ya mafundi wa hanga la kwanza, waongozaji wa mnarani, watu wa zimamoto, wapishi na kila aliyetua salama kwa sababu yako: asante, Shangazi. Asante kwa sauti yako masikioni mwetu. Shemeji, tunakukabidhi, mpe kiti kizuri uani, na ndege zikipita mwachie asikilize mpaka zitue. Lala mpaka jua likukute kitandani, zeeka bila haraka, uwaone wajukuu na wajukuu wa wanafunzi wako. Na maisha yako ya mbele yawe mepesi kuliko tulivyokufanyia ya nyuma.